Nairobi hadi New York: umbali, saa za angani na maswali tunayoulizwa kila siku

Ukikaa nyuma ya dawati la tiketi mjini Nairobi kwa miaka kadhaa, unagundua kwamba "New York ni mbali kiasi gani?" si swali moja. Mmoja anataka kilomita. Mwingine anataka kujua atakaa kitini muda gani. Wa tatu, na huyu ndiye wengi, anataka kujua mwanawe aende kumpokea mama saa ngapi. Majibu hayo matatu hayafanani hata kidogo. Haya ndiyo maswali ninayoyasikia mara kwa mara, kwa maneno yale yale ya wateja.

Kutoka Nairobi hadi New York ni kilomita ngapi?

Kwa mstari mfupi kabisa juu ya uso wa dunia, kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta (JKIA) hadi uwanja wa John F. Kennedy (JFK), ni takriban kilomita 11,840. Mwenyeji wako wa Marekani atakutajia maili, nazo ni kama 7,360. Mzunguko mzima wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075, kwa hiyo safari hii inakula pungufu kidogo ya theluthi ya dunia. Ukipenda kipimo cha nyumbani, ni kama kwenda Mombasa na kurudi mara 12 kwa barabara.

Kuna kurasa mtandaoni zinazotoa pia "umbali kwa gari" kati ya miji hii miwili. Usihangaike nazo. Katikati kuna Atlantiki.

Ndege inakaa angani saa ngapi?

Ndege ya moja kwa moja hutumia kama saa 15 kwenda na kama saa 14 kurudi. Hizo ni saa za ratiba, kuanzia ndege inapoondoka langoni hadi inaposimama langoni upande wa pili, kwa hiyo ndani yake kuna dakika za kutambaa uwanjani kabla ya kupaa na baada ya kutua. Siku nyingine rubani huwahi kwa nusu saa, siku nyingine huchelewa kwa nusu saa, na mara nyingi sababu ni upepo.

Mbona kwenda ni saa 15 na kurudi ni 14? Kwani njia si ile ile?

Umbali ni ule ule, lakini hewa haitulii. Katika latitudo za kati, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 ambako ndege kubwa hupita, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Majira ya baridi ya kaskazini huweza kupita kilomita 200 kwa saa. Ukielekea New York unaukabili upepo huo usoni juu ya Atlantiki, na ukirudi unakusukuma mgongoni. Mvuvi wa Lamu hahitaji maelezo haya. Anajua kwamba jahazi lile lile huchukua muda mmoja likienda na kusi na muda mwingine likishindana nayo.

Piga hesabu mwenyewe. Boeing 787 hukata hewa kwa kasi ya kama kilomita 900 kwa saa. Gawanya 11,840 kwa 900, unapata saa 13 na dakika chache. Zinazozidi hapo ni upepo, kupanda na kushuka, kutambaa uwanjani, na kuzunguka maeneo yasiyopitika.

Tiketi inasema naondoka 23:25 na kufika 06:25. Si hizo ni saa 7 tu?

Ningependa iwe hivyo. Saa ya kuondoka huandikwa kwa majira ya Nairobi, na saa ya kufika kwa majira ya New York. Kila tiketi duniani iko hivyo. Katika majira ya baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8. Kwa hiyo ukiondoka saa 5:25 usiku na kuruka saa 15, saa yako ya mkononi itasoma saa 8:25 mchana ukitua. Toa 8, unapata saa 12:25 asubuhi ya New York. Umeondoka usiku, umefika asubuhi, na katikati umemeza saa 8 ambazo saa ya ukutani haikuzihesabu.

Kurudi ni kinyume chake, na ndiko kunakoshtua watu. Ukiondoka New York saa 6:25 mchana, Nairobi tayari ni saa 2:25 usiku. Ongeza 14, unatua saa 4:25 asubuhi ya kesho yake. Kwenye tiketi inaonekana kama umesafiri saa 22. Mzee mmoja aliwahi kunirudishia tiketi akidhani nimemuuzia ndege ya mzunguko kwa bei ya ndege ya moja kwa moja.

Angalizo moja: Wamarekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kenya haisogezi. Kwa hiyo kuanzia Machi hadi Novemba tofauti ni saa 7, na majira ya baridi ni 8. Wiki za mabadiliko ndizo ambazo watu hukosa kupokewa uwanjani, au hupokewa na mtu aliyekwisha kusubiri saa nzima.

Ndege inapita wapi? Inapita Ulaya?

Hapana, na hili ndilo jibu ninalopenda kulitoa kuliko mengine yote.

Ramani ya ukutani hutudanganya kwa sababu imeunyoosha mviringo wa dunia. Chukua tufe na uzi, bana ncha moja Nairobi na nyingine New York, kisha uvute uzi ukaze. Unaelekea kaskazini-magharibi: Uganda, Sudan Kusini, pembezoni mwa Darfur, Chad, kaskazini mwa Niger, kusini mwa Algeria juu ya Sahara, kisha Morocco. Ukitoka hapo ni bahari, na uzi unapita karibu kabisa na visiwa vya Azores vya Ureno kabla ya kuikaribia pwani ya Amerika.

Sasa tafuta katikati ya uzi huo. Inaangukia Morocco, karibu na Marrakech. Yaani umekaa kitini saa 7, umekula, umelala, umeamka, umemaliza filamu mbili, umekata kilomita 5,900, na chini yako bado ni Afrika. Nusu ya umbali wa kwenda Marekani ni bara letu wenyewe. Kila ninapomwonyesha mteja jambo hilo kwenye tufe langu dogo la plastiki, hunyamaza kidogo.

Hiyo ni njia ya uzi. Njia ya kweli hubadilika kila siku kulingana na upepo, dhoruba na siasa za ardhini. Vita vilipoanza Sudan Aprili 2023, anga lake lilifungwa. Agosti mwaka huo huo Niger nayo ikafunga anga baada ya mapinduzi, ikalifungua tena Septemba. Mwewe akikatazwa kupita juu ya shamba hulizunguka, na ndege ni vivyo hivyo: dakika zinaongezeka na mafuta pia. Kwa hiyo ukiona skrini ya kitini inaonyesha mstari uliopinda kwa namna ya ajabu, rubani hajapotea.

Ndege ya moja kwa moja ilianza lini? Mbona zamani ilikuwa lazima kupitia Ulaya?

Kenya Airways ilianza tarehe 28 Oktoba 2018, kwa Boeing 787-8, ile inayoitwa Dreamliner. Kabla ya hapo vikwazo vilikuwa vya aina mbili.

Cha kwanza ni cha makaratasi. Mamlaka ya anga ya Marekani hupima kama nchi inasimamia usalama wa ndege zake kwa kiwango cha kimataifa, na bila kufaulu daraja la kwanza mashirika ya nchi hiyo hayaruhusiwi kuanzisha safari za kwenda Marekani. Kenya ilifaulu Februari 2017.

Cha pili ni cha maumbile. JKIA iko mita 1,600 na ushei juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi huibeba ndege kwa shida na kuzipa injini pumzi ndogo. Ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 ni nzito mno, hivyo inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Bahati nzuri barabara ya kurukia ya JKIA ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, na kuondoka usiku kunasaidia kwa sababu hewa ya baridi ni nzito kuliko ya mchana. Ndiyo maana ndege haiondoki saa 8 mchana, wakati jua linawaka. Jirani zetu wa Addis Ababa wana kazi ngumu zaidi: uwanja wao uko juu ya mita 2,300, na kwa miaka mingi ndege zao za kwenda Marekani zimekuwa zikitua njiani kujaza mafuta, lakini baadhi yake zikirudi zinafika moja kwa moja.

Safari yenyewe ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Septemba 1959 wanafunzi 81 kutoka Kenya walifika New York kwa ndege ya kukodi, katika mpango alioupigania Tom Mboya. Walitua uwanja ulioitwa Idlewild wakati huo, ambao ndio JFK ya leo. Ndege ya abiria ya kuvuka umbali huo bila kutua haikuwepo. Mwaka uliofuata mpango huo ulimchukua Wangari Maathai kwenda kusoma Kansas.

Nichukue ya moja kwa moja au ya kuunganisha?

Inategemea mfuko na magoti yako. Ya kuunganisha mara nyingi ni nafuu, lakini zote hazifanani, na kilomita husaidia kuzipima:

Kupitia Amsterdam ni kama kilomita 12,500 jumla. Kupitia Istanbul ni kama 12,850. Kupitia Doha ni kama 14,100, kwa sababu unaanza kwa kwenda kaskazini-mashariki, yaani unaipa mgongo New York kwa zaidi ya saa 4 kabla ya kugeuka.

Halafu ongeza kusubiri. Anayesubiri saa 3 Ulaya hufika kwa jumla ya saa 19 au 20 hivi. Anayesubiri saa 11 ili aokoe dola mia, atazitumia kwa chakula cha uwanjani. Nikiulizwa mimi: kijana aende atakako, lakini mtu mwenye mtoto mchanga au mzazi mwenye miguu inayovimba apande ya moja kwa moja kama nafasi ipo. Safari hizo si lazima ziwepo kila siku ya wiki, hubadilika kwa msimu, kwa hiyo angalia tarehe kabla ya kuomba likizo kazini. Angalia pia kama nchi unayobadilishia ndege inakutaka viza ya kupita tu. Sheria hizo hugeuka mara kwa mara.

Na sisi wa Dar, Kampala na Kigali?

Dar es Salaam hadi New York kwa mstari mfupi ni kama kilomita 12,440. Ukiunganishia Nairobi unaongeza kama saa moja na nusu ya kuruka, na Nairobi iko njiani, hivyo hupotezi kitu.

Kampala na Kigali zina kichekesho chake. Miji yote miwili iko karibu zaidi na New York kuliko Nairobi, kwa kama kilomita 500, kwa sababu iko magharibi yetu. Lakini ukiitaka ndege ya Nairobi itakubidi urudi nyuma mashariki kwanza, kisha upite tena karibu na kwenu ukiwa juu ya mawingu.

Niwe uwanjani saa ngapi?

Saa 4 kabla. Si 2. Ndege za Marekani zina ukaguzi wa ziada, na foleni yake ni ndefu.

Lakini kosa kubwa ninaloliona si la kuchelewa kwa saa moja. Ni la kuchelewa kwa siku nzima. Tiketi za kuunganisha zenye kuondoka 00:30 au 03:45 zinaua watu. Kwa Kizungu tarehe hubadilika katikati ya usiku. Kwetu usiku ni mmoja hadi jogoo awike. Mteja anaona "Jumanne, 00:30", anasema sawa, ni Jumanne usiku, anapika, anaaga, anafika uwanjani Jumanne saa 3 usiku, na ndege iliondoka zaidi ya saa 20 zilizopita. Siku hizi naandika kwa kalamu nyekundu juu ya kila tiketi ya namna hiyo: USIKU WA KUAMKIA JUMANNE. Tangu nianze, hajakosa ndege hata mmoja kwa sababu hiyo.

Mama anakuja kuona mjukuu, ana miaka 70 na hajui Kiingereza. Ataweza peke yake?

Ataweza. Wengi wameweza. Omba kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, si siku ya safari. Ni huduma ya bure, na hata kama mama anatembea vizuri, faida yake ni mtu wa kumsukuma hadi uhamiaji na mizigo bila kupotea. Akikataa kwa sababu "mimi si mgonjwa", mwambie ni dereva.

Mwandikie karatasi kwa Kiingereza: jina lako, simu yako, anwani atakayokaa, muda atakaokaa, na dawa anazotumia. Afisa wa uhamiaji atamchukua alama za vidole na picha, na atauliza maswali hayo hayo. Dawa zikae kwenye begi la mkononi, katika vifungashio vyake vya hospitali. Na kama anaendelea na ndege nyingine, tuseme kwenda Minneapolis, lazima achukue mizigo yake New York, apite forodha, kisha aikabidhi tena. Hilo halina njia ya mkato, hata kama begi limebandikwa lebo ya mji wa mwisho.

Saa 15 za kukaa hazitadhuru miguu au masikio?

Kukaa bila kujongea kwa zaidi ya saa 4 huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, ingawa kwa mtu mwenye afya bado ni ndogo. Inuka kila baada ya saa moja au mbili, zungusha vifundo, kunywa maji. Mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au aliyewahi kuganda damu amwone daktari kwanza.

Hewa ya ndani hushushwa msukumo. Ndege nyingi za zamani huweka hali kama ya mita 2,400 juu ya bahari, lakini Dreamliner huweka kama mita 1,800. Huo ni mwinuko wa Nairobi mjini! Mkazi wa Nairobi yuko kwao, na wa Mombasa anajisikia kama amepanda kuja kwa shangazi yake Nairobi. Ukavu ndio utakaomsumbua, kwa hiyo abebe mafuta ya midomo.

Usingizi ni hadithi nyingine. Kwa wiki nzima mwili utakuamsha saa 9 usiku ukidai chai.

Je, naruhusiwa kubeba unga?

Ruhusa ipo, lakini uweke kwenye begi kubwa. Tangu 2018, unga au poda yoyote inayozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi, kwa ndege zinazoelekea Marekani, inaweza kuzuiwa. Nimeona pakiti za wimbi zikiachwa pale kwa huzuni kubwa. Nyama, hata iliyokaushwa, na matunda mabichi usibebe kabisa. Kahawa iliyokaangwa na majani ya chai hayana shida. Chochote cha kula kiandike au kitaje ukiulizwa. Anayetaja hunyang'anywa tu, anayeficha hutozwa faini.

Nitauona Kilimanjaro dirishani?

Hapana. Mlima uko kusini, wewe unaelekea kaskazini-magharibi, tena usiku. Na usiku wenyewe ni wa aina yake: unalikimbilia giza linakokwenda. Mwezi wa Desemba, kuanzia jua linapotua Nairobi saa 12:30 jioni hadi linapochomoza New York, kunapita karibu saa 21. Chagua kiti cha ujiani, upate kunyoosha miguu. Cha dirishani kifae kurudi, ambapo alfajiri hukukuta juu ya jangwa.

Akishafika, nimpigie simu saa ngapi?

Saa 3 asubuhi ya New York ni saa 11 jioni ya Nairobi majira ya baridi, na saa 10 jioni wakati mwingine wa mwaka. Kuanzia hapo hadi saa 6 mchana ya kwao, wote mko macho. Mwambie mapema pia yeye, maana akimaliza chakula cha Jumapili saa 2 usiku na kukumbuka nyumbani, simu italia kwako saa 10 alfajiri ya Jumatatu, na utashika ukidhani kuna msiba.